Mbuzi wa Mahari na Ndoo ya Machicha

Laiti ningemwambia Malogo hapana. Neno lenyewe fupi, nimewaambia wanangu mara zisizohesabika, lakini siku ile nilipokuwa nawapeleka mbuzi sita wa mahari ya mwanangu Yohana, kutoka kwetu Makutupora hadi kwa wakwe Msalato (katika ukoo wetu mbuzi wa mahari hawapakiwi kwenye gari, baba huwaswaga kwa miguu yake mwenyewe, ndiyo heshima), huyu rafiki yangu wa kuvua, aliyekuja kunisaidia, alisimama kando ya bwawa lililo chini ya mashamba ya zabibu akasema, "Ndugu yangu, wakwe wanatungoja saa nane, sasa ni saa tatu. Tukafike mapema tukawatazame wakipika?" Mfukoni alikuwa na mishipi miwili na ndoano zake. Nikasema haya, kidogo tu.

Naona aibu kuyaandika haya, ila waliokuwepo wameshayasimulia kwa chumvi zao, afadhali na mimi niseme yangu.

Mwanzo perege walikula, wadogo wadogo, tukawarudisha majini. Kisha jua likapanda na boya langu likatulia kama limepigiliwa msumari. Kila anayevua mabwawa ya huku anajua kwamba joto likizidi perege hushuka chini na hawataki kusumbuliwa, na mwenye akili hukunja mshipi akaenda zake. Mimi nikaona siwezi kushindwa na samaki siku ya heshima yangu. Malogo akaenda kwenye rundo la machicha ya zabibu yanayotupwa na watengeneza mvinyo, yameshachacha mpaka yananukia, akarudi na ndoo imejaa. "Samaki akinuna, anabembelezwa," akasema. Tukatupa konzi mbili majini, ndoo tukaiweka nyuma yetu. Nyuma yetu ndiko walikokuwa mbuzi.

Mke wangu akapiga simu. "Baba Yohana, mmefika wapi?"

"Tunakaribia."

"Mbona nasikia bata?"

"Wa watu, hapa njiani."

Hatimaye boya likazama, nikavuta kambale, hakuzidi kiganja changu, lakini nilifurahi kama nimevuta mamba. Kikapu hatukuwa nacho, nikamviringisha kwenye kitambaa kibichi na kumtia mfukoni mwa koti la suti (koti la harusi yangu mwenyewe). Tulipogeuka, ndoo ilikuwa tupu, safi kama imeoshwa.

"Wamekula vizuri," alisema Malogo. "Watafika wamenawiri."

Nusu ya njia walikimbia kwa furaha, beberu mbele. Tulipoingia Msalato wakaanza kwenda upande, na uani kwa wakwe, mbele ya wazee wote waliopangwa kwenye viti, beberu alimwendea baba mkubwa wa binti, mzee wa kanisa ambaye nyumbani kwake hata mvinyo wa wageni hauingii, akamwegemea mguuni na kufumba macho. Mwingine akaketi kama mbwa. Watatu wakalala palepale. Wa sita alikuwa anaupiga ukuta pembe, bila hasira.

"Mkwe, hawa mbuzi wana nini?"

"Uchovu tu, mzee wangu. Hawajazoea safari."

Yule mzee akainama, akamnusa beberu mdomoni, akainuka taratibu. "Hawa wamelewa."

"Ni joto. Tumetoka nyumbani moja kwa moja, hatukusimama popote."

Hapo ndipo mfuko wangu ulipotikisika. Kambale ana roho ngumu, kila mtu anajua, mimi peke yangu nilisahau. Akajinyonganyonga akatoka kwenye kitambaa, akaangukia na sharubu zake miguuni pa shangazi wa binti. Shangazi akamtazama yeye, akanitazama mimi.

"Na huyu mmemkuta barabarani?"

Wanawake jikoni walicheka mpaka sufuria ikaanguka. Yohana, aliyekuwa ametangulia kufika, hakucheka. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Mbuzi tutawapokea wakiamka," alisema baba mkubwa. "Binti tutamtoa, kijana hana kosa. Ila wewe, mkwe, umetudanganya mlangoni petu. Siku ya harusi ukoo wenu usemewe na mtu mwingine."

Siku ya harusi aliyeusemea ukoo alikuwa mdogo wangu. Mimi niliketi nyuma karibu na wapishi, na Malogo pembeni akinisifia pilau. Simlaumu. Mishipi ilikuwa yake, mdomo uliodanganya ulikuwa wangu. Siku hizi boya likitulia nakunja mshipi na kurudi nyumbani, hata kama ni saa tatu.

Mwaka jana Yohana alipata mtoto wa kiume. Kwetu mjukuu wa kwanza hupewa jina la babu. Alikuja mwenyewe kuniambia, akanisalimia vizuri, akanywa chai hadi akamaliza, ndipo akasema, "Baba, tumempa jina la baba mdogo."

Nikamwambia ni jina zuri.