Vifuko Visivyopasuka

Mke wangu na dada yangu hawapikiki chungu kimoja, na mimi wamenichosha wote wawili.

Mke wangu ni mtafiti wa hamira, hiyohiyo ya kuumulia mikate. Kazi yake ni kuzinyima seli za hamira chakula mpaka zianze kujila zenyewe. Seli yenye njaa hufunga sehemu zake kwenye vifuko, ikavisukuma tumboni mwake vikasagwe. Lakini mafuta fulani yakipungua kwenye utando, vifuko havipasuki. Vinarundikana mle tumboni vikiwa vizima, vinachezacheza tu. Akiviona kwenye darubini anacheka peke yake. Nyumbani kicheko hicho hatukijui.

Jana dada alikuja, na hata kuketi hajaketi akaanza uchokozi.

"Wifi, bado uko na hamira zako? Mbona mkate hatuuoni?"

Mke wangu alibamiza sufuria mezani. "Wewe tumbo lako halina yale mafuta! Kila nililokukosea tangu siku ya harusi bado limo humo, zima, na kifuko chake!"

Dada hajui utando wala seli, ila tusi analijua hata likija limevaa koti la maabara. Alimtazama wifi yake kuanzia juu mpaka chini, akavuta kiti, akaketi.

"Mimi nimeuliza mkate," akasema. "Harusi kaileta nani?"