Nilimwapia Jumbe Kwamba Nimeusikiliza Moyo wa Mkwe Wangu

Wasomaji wa ukurasa huu, walio wakubwa wangu shikamooni, ingawa mmebaki wachache. Mhariri, jina langu lifiche, na la kijiji usiliandike. Sema tu ni ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro. Miaka yangu siijui. Nina wajukuu wanne na meno sita, darasani sijaingia hata siku moja. Haya ananiandikia katekista, naye nimemwapisha asiseme. Vita vya Maji Maji vilinichukulia wana wawili. Nimebaki na binti, na huyo binti ana mume, mvuvi, mtu mpole ninayempenda kama niliyemzaa. Ndiyo maana nimeharibu.

Kabla ya vita nilikuwa nafagia zahanati ya misheni. Sista wa pale alikuwa na kipande cha mti kama filimbi nene, upande mmoja anauweka kifuani kwa mgonjwa, mwingine sikioni kwake. Alinifundisha. Moyo mzima ni kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja: huyu anapiga, yule anapiga, hawagongani. Kwenye moyo mgonjwa anaingia mwanamke wa tatu asiyejua kutwanga. Misheni ikaungua, sista akaondoka na mti wake. Mimi nikabaki na sikio.

Tangu mvua za kwanza mkwe wangu hawezi kutoka mtoni hadi nyumbani bila kuketi mara tatu. Analala ameegemea ukuta. Miguu imevimba, binti akiibonyeza kwa dole gumba, shimo linabaki kama kwenye tope. Na hapo ndipo jumbe alipopita akiandika wapagazi wa kupandisha mizigo Mahenge, maji ya bonde yakishakauka, na jina la mkwe wangu akaliandika. Akasema wagonjwa wa msimu wa mizigo anawajua. Kama ni moyo, apande Mahenge akapimwe na daktari wa boma, arudi na barua. Yaani asiyeweza kupanda mlima aupande mlima, akathibitishe kwamba hawezi. Kisha akanigeukia: "Wewe mama ulikuwa kwa sista. Ukiniapia kwamba umemsikiliza kwa sikio lako mwenyewe, namfuta."

Desturi ya kwetu mnaijua. Mimi na mkwe tukikutana njiani mmoja anaingia kwenye nyasi. Hata bakuli hatupokezani. Nitamlaziaje sikio kifuani? Mchana alipopitiwa na usingizi, nikakaa nje ya nyumba yao, penye ukuta uliobomoka. Binti ndani akaweka sikio kifuani kwa mumewe, akapitisha mkono kwenye tundu, akawa ananigongea kiganjani jinsi moyo unavyokwenda. Mwanamke wa tatu alikuwepo. Nikaenda kwa jumbe, mbele ya watu, nikaapa kwamba nimemsikiliza mwenyewe. Akamfuta.

Wiki haikuisha, ndugu zake wakasikia kwamba mama mkwe alimlalia kifuani akiwa usingizini. Tangu hapo mkwe wangu hali chakula nilichopika, na mtoni anapita njia ya mbali, yeye asiye na pumzi. Binti alimweleza ukweli. Akajibu: "Mama yako ameapa mbele ya watu. Na aseme mbele ya ndugu zangu kwamba aliapa uongo, nitakaa. Asiposema, nitabeba mzigo, waone kifua changu hakikuwa na cha kusikilizwa."

Nikisema, jumbe atajua siku hiyo hiyo, maana baba mdogo wa mkwe wangu ndiye anayemshikia mwavuli. Jina litarudi, na mzigo ataubeba. Nikinyamaza, anaubeba mwenyewe.

Na liko jingine, hili hata katekista nimemwambia leo tu. Ule moyo sijausikia. Nimesikia mkono wa mwanangu, naye anaogopa ujane, na mkono ulikuwa unatetemeka. Kama mwanamke wa tatu alikuwa ni hofu yake, je? Sikio ninalo, kifua kiko hatua tano kutoka jikoni kwangu, na siwezi kuvuka.

Juzi maji ya kivukoni yalifika kiunoni. Leo yako magotini. Ninyi wenye wakwe, atakayetaka kunitukana anitukane, lakini kwanza aniambie: nifanye nini?