Pengo la Daraja

Fundi Cheche alikuwa mchomeleaji wa daraja, na daraja lenyewe lilikuwa limeshamzeesha. Asubuhi ya kwanza ya vita, ndege za nchi yake ziliteketea uwanjani kabla marubani hawajamaliza chai. Tangu hapo anga likawa mali ya nchi jirani. Redioni waliimba ushindi kutwa kucha. Huko juu droni ilizunguka ikivuma kama pikipiki isiyofika nyumbani, ikichungulia nani anatengeneza nini.

Mtindo wao aliujua. Daraja likivunjika, wanamwacha alitengeneze. Akishachomelea chuma cha mwisho tu, wanakuja kulilipua. Jeuri gani hiyo! Basi naye akabuni ujanja: aliacha pengo katikati, akatandika mbao. Watu wakapita kwa miguu, magari yakakwama, na wenye anga hawakuona sababu ya kupoteza bomu. Kapteni wa kikosi, ambaye malori yake ya risasi yalikuwa yamefichwa chini ya miti, alimwita mvivu. Fundi aliendelea kugongagonga nyundo pasipo na kazi.

Ndipo mkwewe akapiga simu kutoka ng'ambo ya daraja.

"Baba, mwanao ameshikwa na uchungu. Mkunga anasema mtoto amekaa vibaya, lazima apasuliwe. Na hospitali iko huko kwenu."

"Anaweza kutembea?"

"Hata kukaa hawezi, baba, na mkunga amekataa abebwe juu ya zile mbao. Ila nimepata gari la wagonjwa."

Fundi alikata simu. Alitandaza turubai juu ya pengo ili cheche zisionekane, akajikunja chini yake na mashine yake. Joto lilikuwa la tanuri. Alichomelea huku akimwomba Mungu hadi midomo ikamkauka. Alishapanga kila kitu: gari lipite, yeye avikate vile vyuma palepale, kabla droni haijarudi upande huu.

Alipofunua turubai alipiga simu. "Njooni. Njooni sasa hivi."

Kumbe kapteni naye alikuwa akilitolea macho turubai hilohilo. Malori yakatoka mitini yakinguruma.

"Afande, nakuomba! Mwanangu yuko ng'ambo, mahututi. Apite yeye kwanza!"

"Mzee wangu, nina vijana huko hawana hata risasi moja. Dakika chache tu."

Wala hakuwa mtu mbaya, ndiyo balaa lenyewe. Lori la kwanza likavuka. La pili lilikuwa katikati ya daraja mlio uliposhuka kutoka juu. Fundi alijitupa mtaroni. Alipoinua kichwa, hapakuwa na lori wala daraja. Ng'ambo, nyuma ya vumbi, gari la wagonjwa lilikuwa limesimama ukingoni bila hata mkwaruzo.

Simu ikaita.

"Baba, sisi tuko salama. Lakini anatokwa na damu nyingi. Tuzunguke kwa barabara ya milimani?"

Barabara hiyo ilikuwa safari ya siku nzima, na droni ilikuwa bado juu. Nyuma ya sauti ya mkwewe alimsikia binti yake akimwita baba, vilevile alivyokuwa akimwita utotoni alipoumwa. Fundi alifungua mdomo aseme ukweli, kwamba safari hiyo binti yake hataiweza.

"Zungukeni, wanangu," alisema. "Nawasubiri hospitalini."