Niliachilia anwani ya intaneti yenye jina la baba, jirani akabebeshwa kosa langu

Admin, naomba uiweke hii bila jina langu, na jina nitakalompa jirani yetu si lake. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, sijaolewa, naishi na baba yangu Bel-Air, mtaa wa wilaya ya Kampemba, hapa Lubumbashi. Mama alishafariki. Baba alifanya kazi ya reli miaka mingi, na alipostaafu akafungua chuo kidogo cha kushona kwenye parcelle yetu, yaani kiwanja cha nyumbani, akakiita kwa jina lake, ambalo lilikuwa pia jina la baba yake. Mimi ndiye ninayeandikisha wasichana na kutafuta wateja.

Mwaka juzi niliamua chuo kiwe na site yake ya intaneti. Jirani yetu, nitamwita Ya Félix, yaani kaka Félix, ana duka la fotokopi na kompyuta ng'ambo ya barabara, nikaenda kumwonyesha anwani niliyoipenda. Jina la baba likiwa na .com lilikuwa limeshachukuliwa na mtu wa nchi nyingine. La .cd, la kwetu Kongo, lilikuwepo, ila bei yake haikunifurahisha. Ndipo nikaona mojawapo ya hizi za kisasa, ambazo mwisho wake ni neno zima, kwa bei ya soda mbili. Ya Félix alivaa miwani akasoma hadi chini kabisa, kwenye maandishi madogo.

"Dada, usiangalie bei ya mwaka ya kwanza, angalia ya mwaka ya pili. Hizi za mupya, benyewe banapandisha bei vile banataka. Na bantu ba huku bamezoea .com na .cd, bakiona ingine banawaza iko bwizi. Na tena iko jina ya papa yako. Siku utaiachilia, muntu mwengine ataikamata."

Nikamjibu, "Ya Félix, weye unaogopaka kila kintu ya mupya." Moyoni nilijiambia anataka tu nimlipe anitafutie ile ya .cd. Akacheka kidogo, akasema uamuzi ni wangu. Niliiandikisha ile ya bei rahisi kwa simu nikiwa bado nimekaa kwenye kiti cha dukani kwake.

Mwanzoni nilijiona mjanja. Tuliipaka ile anwani kwenye kibao cha mlangoni, tukaishona kwenye aproni za wasichana. Kwaya moja ya Sakania, mji wa mpakani, ilituona kwenye site ikaagiza sare. Kuna wateja walilalamika kwamba barua zetu zinaangukia kwenye takataka za email yao, sikujali. Halafu mwaka wa pili ukafika, na ile bei ya soda mbili ikawa bei ya kitenge kizima, tena kizuri. Nilikuwa nimejivuna sana mbele ya baba kwamba nimepata kitu cha bure bure. Niliona aibu kurudi kwake kuomba pesa. Barua za kunikumbusha zilikuja mara kadhaa, nikazifuta. Nikajiambia watu watatupata WhatsApp. Anwani ikafa, nami sikumwambia mtu.

Jumapili moja, baada ya misa, mama wa mwanafunzi wetu mmoja alimwita baba pembeni akamwonyesha simu yake. Alikuwa ameiandika ile anwani ya kwenye aproni ya binti yake. Mtu asiyejulikana alikuwa ameinunua na kujaza picha za wanawake uchi, na juu yake kabisa jina la baba yangu, herufi kwa herufi. Baba anaongoza sala katika shirika letu, jumuiya ya majirani inayosali nyumba kwa nyumba. Alirudi akaketi kwenye benchi la kanisa, kofia mapajani, na watu wakawa wanampita bila kumpa mkono.

Njiani aliniuliza, "Nani amefanya hii?"

Hapo ndipo nilipojimaliza. Nilisema, "Sijui, papa. Labda muntu mwenye anajua mambo ya kompyuta."

Baba akatembea hatua chache, akasema, "Félix."

Ningeweza kusema hapana. Niliendelea kutembea.

Alikwenda moja kwa moja dukani kwake, nami nikamfuata. Wateja walikuwemo. "Nilikukaribisha kwa meza yangu," baba alisema, "na weye unanivua nguo mbele ya bantu." Kisha akamtajia asili yake, Kasai, ambako watu wake hapa huitwa wageni, kwa neno ambalo sitaliandika hapa. Ya Félix amezaliwa Kampemba hii hii. Hakupandisha sauti. Alinitazama mimi, akasema, "Papa, uliza mutoto yako."

"Usiingize mutoto yangu," baba akajibu.

Nikaangalia chini.

Tangu siku hiyo shirika halisali tena nyumbani kwa Ya Félix. Wazazi wanapeleka fotokopi zao kwingine. Wasichana zaidi ya nusu wameondolewa chuoni kwetu, na baba amekipaka kibao chetu rangi nyeusi. Ya Félix amefunga duka, mwisho wa mwezi anahamia Kasai, mahali ambapo hajawahi kuishi. Mke wake hupishana nami barabarani kana kwamba sipo. Yeye mwenyewe aliniandikia ujumbe mmoja tu: "Juu ya site sina kasirani. Nilikuambia, ukakataa, iko haki yako. Lakini siku ile ulikuwa pale."

Baba ana presha, daktari amekataza asishtuliwe. Ndiyo sababu ninayojipa kila asubuhi, na najua wakati ninapoitaja kwamba naogopa uso wake kuliko presha yake. Kila jioni kabla ya kula anamwombea Ya Félix, Mungu amsamehe uovu wake. Nami, nikiwa nimeketi mbele yake, naitikia Amina.

Ninyi mnaosoma, niambieni la kufanya. Niseme kabla familia ile haijapakia vitu vyao, nikijua baba anaweza kuanguka na hatanitazama tena kama binti yake? Au niwaache waondoke? Msinibembeleze. Nimebembelezwa vya kutosha na moyo wangu mwenyewe.