Kipimo Kilishuka Tukipanda Mlima

Sikulazimishi kuamini. Ila mama yangu yuko hai, akili zake timamu, na ukifika kwake atakueleza haya haya ninayokueleza mimi. Wenzangu wa kijiweni Masasi waliwahi kusema nilikuwa na usingizi. Usingizi gani wa mtu anayepandisha pikipiki mlima wa Newala kwenye ukungu, mama yake mzazi amemkalisha nyuma?

Wiki ile nilikuwa nimefunga geji mpya kwenye pikipiki yangu. Zile za bei poa kutoka sokoni, zenye kioo kidogo cha tarakimu za buluu: chaji ya betri, spidi na joto la oili. Nilizifunga mwenyewe. Nilitaka kuonekana, nisikudanganye. Ile ya joto ina kijiti chake, nacho kinaingia chini ya injini pale kwenye tundu la kumwagia oili, kwa hiyo unaitoa nati ya zamani na kukikaza kijiti mahali pake. Nikakikaza, nikafuta mikono, nikaona mimi ndiye fundi. Washa ya shaba inayozuia oili isivuje niliiacha kwenye nati ya zamani, ndani ya boksi la spana chini ya siti.

Mama alikuwa haoni. Mtoto wa jicho, macho yote mawili, mwaka wa tatu huo. Binti yangu Shamsa alikuwa ameshaanza kukimbia na bibi yake alikuwa hajawahi kumwona, anampapasa tu uso na kucheka. Basi tukasikia madaktari wa macho wamekuja Newala, siku ya mwisho ni kesho yake, na wanaandikisha asubuhi tu. Nikashuka bondeni kwa mama jioni ile ile. Alfajiri tukaswali, tukaondoka.

Kama unaujua ukungu wa kule, unanielewa. Taa ya mbele inaishia hatua chache. Nikawa natazama geji zangu kuliko barabara. Mwanzoni joto lilipanda vizuri, halafu tulipoanza mlima wenyewe likaanza kushuka. Tisini. Themanini. Sabini. Nikafurahi! Nikamwambia mama, "Unaona? Hii baridi inaipoza injini yenyewe." Mama akaniambia nitazame njia.

Kwenye kona kali, karibu nusu ya mlima, nikasikia sauti ya mwanamke. "Mjukuu, simama!"

Nilitaka kupita, ukweli ndio huo. Tulikuwa tunachelewa. Mama ndiye aliyenikaba kiuno kwa mikono miwili, akasema, "Simama. Simama hapo hapo." Nikasimama, injini ikinguruma.

Alikuwa bibi mrefu, ana chale mashavuni zile za wazee wetu wa Kimakonde, pengo mbele, na mtungi wa maji kichwani. Mtungi, sio ndoo. Nani bado anateka maji bondeni kwa mtungi siku hizi? Lakini nilikuwa na haraka, sikuwaza. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona unakiua chombo chako?"

"Hakifi, bibi. Tazama hapa, joto linashuka, imepoa kabisa."

Akainama kukitazama kile kioo. Mtungi ulikuwa umejaa hadi mdomoni, na niamini, maji hayakutikisika. "Inapoaje na mlima bado unapanda?" akauliza. "Mimi nimepanda hapa na maji kichwani tangu usichana wangu. Hakuna kinachopanda mlima huu kikapoa. Ukiona kimepoa, jua kimeshakufa."

Nikazima injini, nikajilaza chini kuchungulia. Oili ilikuwa karibu kwisha yote! Ilikuwa inachuruzika pale kwenye kijiti changu, na kijiti, kwa kuwa hakiguswi tena na oili, kilikuwa kinapima upepo. Ndiyo maana namba zilishuka. Dakika chache mbele injini ingenoki, tairi la nyuma lingejifunga kwenye kona ile, korongo liko kushoto na mama haoni hata pa kurukia.

Nikiwa bado chini, bibi akasema, "Wewe tengeneza. Mimi namtanguliza mama yako kwa njia ya mkato ya wateka maji."

Mama akajibu kabla yangu, "Niache niende naye." Walikuwa wameshaanza kuongea Chimakonde, kile cha zamani ambacho mimi nakisikia nusu. Nikasema sawa, ni wanawake wawili wazima. Nilipoinua kichwa hawakuwepo, si sauti wala nyayo.

Nilirudisha nati ya zamani na washa yake. Bahati nzuri bodaboda mwenzangu alikuwa anashuka, ana oili kwenye chupa, akanimiminia. Nikamuuliza iko wapi njia ya mkato ya maji. Akanitazama. "Ile ya kina bibi? Iliporomoka na mvua zamani sana, kaka. Pale ni korongo tupu."

Sijui nilifikaje juu. Nilipanda nikilia kwa sauti, nikiomba dua nilizozijua na nyingine za kujitungia. Nilijiona nimempeleka mama yangu korongoni kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nikamkuta kwenye benchi la hospitali. Wa kwanza kwenye foleni! Mimi nimelowa ukungu chapachapa, yeye kanga kavu, miguu haina hata tope. "Mbona umechelewa?" akaniuliza.

Nikapiga magoti mbele yake. Akanishika kichwa, akasema polepole, "Yule ni mama yangu. Nilimjua tangu alipoita barabarani." Bibi yangu huyo alifariki mimi sijazaliwa, na picha yake hakuna. "Sikumwita mama. Niliogopa nikimtaja ataniachia mkono. Alinifikisha getini, akaniambia, mimi naishia hapa, ndani ingia mwenyewe."

Kisha akanibana mkono. "Wewe una macho. Nieleze, uso wake ulikuwaje? Mimi nilikuwa nimeanza kuusahau."

Nikamweleza. Chale, pengo, jinsi alivyokunja paji la uso kutazama tarakimu. Mama alilia mpaka nesi akamsihi anyamaze, macho yanahitaji kupumzika kabla ya kupasuliwa.

Bandeji zilipotolewa, Shamsa, aliyeletwa hospitalini na mama yake, alikuwa amesimama mbele yake na nguo ya Idi. Mama alimtazama mtoto yule kwa muda mrefu, halafu akamwambia kwamba masikio yake ni makubwa. Tulicheka na kulia kwa pamoja. Sasa anachambua mchele mwenyewe na ananikosoa mashati.

Nilipomrudisha bondeni alinisimamisha kwenye kona ile. Hakuna njia pale. Ni ukingo uliomong'onyoka na miiba. Mama akasogea karibu, akainama kidogo, akasema, "Shikamoo mama." Akasubiri. Mimi nilisikia upepo tu. Akarudi, akapanda, akajifunga kanga vizuri.

"Twende," akasema. "Ameitikia."

Kwa hiyo wewe unayepandisha pikipiki Newala asubuhi ya ukungu, namba zikishuka na mlima unapanda, usifurahi kama mimi. Zima, chungulia chini. Na ukisikia mwanamke anakuita kwenye kona, usimpite eti una haraka. Simama umwamkie kwanza. Kuogopa utaogopa baadaye, ukiwa hai.