Zuleika na ukindu wa zamani: mtunza zana za programu asiyemwacha mtu nyuma

Swala ya adhuhuri imekwisha. Zuleika Fadhul anakunja mswala, anauweka juu ya kabati la dawa, kisha anaketi mbele ya kompyuta kuukuu ya zahanati moja huko Lubaga. Muuguzi Santina amesimama nyuma yake, mikono kiunoni.

"Mama Huzaifa, ukiniulia hii mashine, utawapigia simu wewe mwenyewe mama zangu wote wa chanjo."

"Bismillahi," anajibu Zuleika, na kubonyeza kitufe.

Zuleika, 46, ndiye mtunzaji wa Kawa, zana ambayo waandishi wa programu hutumia kutengeneza mifumo ya zahanati. Aliingia fani hii akikaribia miaka arobaini, kwa masomo ya jioni karibu na Kyambogo, baada ya kushinda akiuza vitambaa. Leo analipwa shilingi milioni moja na nusu kwa mwezi, na hasemi hilo kwa kunong'ona.

Mwaka huu lugha ya programu iliyotumika kuandika Kawa imetoa toleo jipya. Ni jepesi na salama zaidi, ila kompyuta kama ya Santina haziliwezi. Kuacha la zamani ni kuzima ujumbe unaowakumbusha wazazi chanjo. Kuling'ang'ania ni kuiacha Kawa ichakae.

Wamalwa, Mkenya anayefanya naye kazi Bugolobi, alitaka liachwe mara moja.

"Dada, tutawabeba hawa wazee wa kompyuta kuukuu mpaka lini?"

"Mpaka washuke salama."

"Na vijana wakihamia zana nyingine?"

Zuleika akamwomba Mungu amwonyeshe njia, akangoja.

Jioni moja alimtazama mama yake, Hajati Mubaraka, akisuka kawa ya kufunikia chakula, kazi ya Wanubi iliyoipa zana ile jina. Ukindu ulipokaribia kwisha, alilaza mpya kando yake, akausuka pamoja na ule wa zamani mizunguko michache, ndipo akaukata wa zamani.

"Unakodoa macho nini? Kaa usuke," mama akamchokoza. "Kompyuta haifuniki wali!"

Basi Zuleika akaamua: kwa mwaka mmoja matoleo mawili ya Kawa, la lugha ya zamani na la lugha mpya, yanakwenda bega kwa bega. Mambo mapya yote yanaingia kwenye toleo jipya. La zamani linazibwa matundu tu, kama anavyofanya leo kwa Santina.

Skrini inawaka. Simu ya Santina inalia mfukoni: ujumbe wa majaribio umefika. Muuguzi anapiga kigelegele mpaka wagonjwa wanachungulia.

"Mwakani, inshallah, mashine hii itapumzika," anasema Zuleika, akiipapasa. "Siku hiyo nitalikata toleo la zamani kwa mkono wangu, na kigelegele atapiga Wamalwa."