Mlevi wa Darasa la Tatu

Mama yangu alimshuku kila mtu, na wala hakuwa na upendeleo. Muuza mboga alishukiwa kwa mizani yake. Fundi bomba alishukiwa kwa kuacha bomba likidondoka kidogo ili aitwe tena. Mimi mwenyewe, mwanawe wa pekee, nilishukiwa kila nilipoingia nyumbani na kitu nyuma ya mgongo, hata kama kitu chenyewe kilikuwa zawadi yake. Simsengenyi. Tabia hiyo nimeirithi nzima nzima, na laiti nisingeirithi, mkasa huu usingetokea.

Alikuwa karani wa shule ya msingi ya mtaani kwetu. Chumba chake kilibanwa kati ya ofisi ya mwalimu mkuu na stoo: meza, kompyuta, kabati la chuma ambalo halikufungika mpaka ulipige goti, na dirisha lililotazama mabomba ya kunawia mikono. Aliandikisha watoto, alipokea simu, alipaka dawa magoti yaliyochubuka. Lakini kazi aliyoivalia nguo nzuri ilikuwa ya Alhamisi, ya kuandika karatasi ya habari za shule. Ukurasa mmoja, mbele na nyuma, uliotoka kila Ijumaa na kupelekwa nyumbani na kila mtoto. Humo ungejua nani kashinda mbio za magunia, sweta ngapi zimeokotwa bila mwenyewe, na kwamba mpishi wa shule kajifungua mapacha na maharage ya darasa la pili yameota.

Aliiandika kwa miaka kumi na tisa. Mtaani walimwita Bi Habari. Kinyozi aliibandika ukutani, na wateja wasio na mtoto hata mmoja shuleni waliisoma wakingoja zamu. Jumamosi mama alikuwa hakosi kupita mbele ya kinyozi huyo. Ukimuuliza anakwenda wapi, anasema ananyoosha miguu.

Kisha akaja mwalimu mpya wa hesabu, kijana mrefu, mpole, asiyefungua mdomo ila kwa sababu. Watoto walimpa jina la Kimya kabla ya wiki kwisha. Kwa mama, huo ulikuwa ushahidi wa kwanza.

"Mtu asiyesema," aliniambia, "kuna kitu anakihifadhi."

Ushahidi wa pili ulikuja Ijumaa moja alipokuta kiti chake kimepandishwa. Mama ni mfupi. Alikaa, miguu ikaning'inia kama ya mtoto wa chekechea. Aliyekikalia alikuwa mrefu, na mrefu pale shuleni alikuwa mmoja tu. Halafu walimu wakaanza tabia ya kunyamaza alipoingia kuchukua chai. Halafu zikavuma habari kwamba shule nyingine zimeacha karatasi, wazazi wanatumiwa ujumbe kwenye simu, na kwamba Kimya anayajua sana mambo ya simu. Mama akajumlisha. Kijana anataka kiti, na ameshaanza kukijaribu.

Nilikuwa nikiyasikia haya kila jioni nikiwa kwenye cherehani. Mimi ni fundi nguo, na sebule yetu ndiyo karakana yangu. Zamani mama alikaa kando yangu akinitungia uzi kwenye sindano huku akisimulia. Mwaka ule aliacha. Alidai sindano za siku hizi zina matundu ya choyo, na yeye hana muda wa kubembelezana nazo. Nilicheka, nikatunga mwenyewe.

Akaweka mtego. Utaratibu ulikuwa hivi: Alhamisi jioni alichapa ukurasa wake, akauacha kwenye trei ya stoo, na Ijumaa asubuhi mtunza stoo akautoa nakala mia nne kwenye mashine. Mama akauminya ukurasa wake kwa ukucha, kwenye pembe, alama ambayo mtu hawezi kuiona ila aipapase. Ijumaa akaingia stoo, akaupapasa ukurasa uliokuwa juu ya mashine. Pembe ilikuwa laini. Wiki iliyofuata akafanya vilevile, na pembe ikawa laini tena. Mtu alikuwa akiuondoa ukurasa wake na kuweka mwingine.

"Kabadilisha nini?" nilimuuliza.

Alikuwa ameisimamisha karatasi dirishani, anaigeuza, anaisogeza, anaivuta. Alisema ni kitu kidogo, kidogo sana, na hapo ndipo palipo na ubaya wake.

Miaka kumi na tisa, halafu mtoto wa juzi anakuja kumchimba mama yangu usiku usiku! Nikamshauri, na ushauri huu ni wangu, simtupii mtu: wiki hii usiuache shuleni. Njoo nao nyumbani, na kesho usimame wewe mwenyewe kwenye mashine mpaka nakala ya mwisho. Mama aliniangalia kwa fahari, kama mtu aliyegundua kuwa mtoto amefanana naye.

Akaja nao ndani ya mkoba. Nilitaka kuusoma. Akaubana kifuani, akasema habari za shule husomwa Ijumaa, hata mimi nisubiri kama wenzangu. Asubuhi akatoa nakala zote kwa mkono wake, akazigawa darasa kwa darasa, Kimya akimtazama kutoka mlangoni. Alinisimulia baadaye kwamba uso wa yule kijana ulikuwa wa mtu aliyekamatwa.

Kabla ya mchana kicheko kilikuwa kimefika sokoni. Ukurasa wa kwanza, mstari wa sita, palikuwa na habari njema ya shule: "Tunampongeza mwalimu wetu wa hesabu kwa kuteuliwa kuwa mlevi wa darasa la tatu kuanzia Jumatatu. Wazazi wanaombwa kumpa ushirikiano."

Ilitakiwa kuwa mlezi. Herufi moja tu. Kwa kinyozi waliisoma kwa sauti, wakaomba irudiwe. Bibi mmoja alifika getini kuuliza kama huyo mwalimu atakuja tayari amelewa au atalewea hapohapo. Lakini kwa Kimya hicho hakikuwa kichekesho. Hakuwahi kuonja hata tone. Baba yake aliitupa familia kwa ajili ya chupa. Wazazi wawili waliopokea karatasi bila kicheko walitaka asikabidhiwe watoto wao kabla hawajaelezwa vizuri. Na kamati ya wazazi ikataka karani aliyemchafulia mwenzake jina aondoke. Kila mtu shuleni alijua kuwa wawili hao hawapikiki chungu kimoja, kwa hiyo nani angeamini kwamba kidole kiliteleza?

Mama alikana. Alisema si kidole chake, kuna mkono umepitia ndani ya kompyuta.

"Ajitukane mwenyewe?" nikauliza.

"Ndiyo ujanja wake."

Nikamwamini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilimpigia pasi gauni lake la bluu, na Jumatatu nikafunga cherehani nikaenda naye, kwa sababu alitaka shahidi wake, mtu wa kusoma kila karatasi watakayomwekea mbele asije akatia sahihi jambo asilolijua.

Ofisini tulikuwa wanne. Mwalimu mkuu, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, alituketisha. Kimya alikuwa kwenye kona na faili magotini. Mama hakungoja kuulizwa. Aliyatoa yote kwa mpangilio, kiti, kunyamaza kwenye chai, ukucha, pembe laini. Akamnyooshea Kimya kidole na kumuuliza kama anakana kwamba amekuwa akiiba ukurasa wake.

"Sikani, mama," alisema Kimya.

Akafungua faili, akaiweka mezani. Kurasa zilikuwa humo, za miezi kumi na moja. Nilizipapasa pembe za zile za juu, na alama za ukucha zilikuwepo. Na kila ukurasa ulikuwa na maandishi ya penseli, madogo, nadhifu, ya mtu aliyezoea kusahihisha madaftari. Wiki yake ya kwanza alikuwa amekwenda stoo kuchukua chaki, akauona ukurasa kwenye trei, akakuta kwamba familia iliyofiwa inapewa "pale" nyingi badala ya pole. Akakaa kwenye kompyuta ya mama, akarekebisha, akachapa mwingine. Wiki ya pili makosa yalikuwa matatu. Wiki hizi za karibuni yalifika ishirini. Walimu waliponyamaza kwenye chai, walikuwa wakishauriana nani aende kumwambia mama kwamba macho yake yanahitaji daktari, na kila aliyetajwa alisingizia kikohozi.

"Kwa nini hukuniambia wewe?" mama aliuliza.

"Ungesema nakitaka kiti chako."

Mimi, niliyekuja pale kubisha, nikamsogezea mama faili.

Mama alivuta ukurasa mmoja kutoka kwenye faili. Akausogeza karibu, akauvuta mbali, akainuka akaenda nao dirishani. Niliijua geuzageuza ile. Nilikuwa nimeiona wiki nyingi nikidhani anatafuta hila ya mtu. Alisimama pale muda, kisha akarudi, akaniwekea ukurasa mkononi, akaniambia nimsomee. Nikasoma. "Mbio za magonia." "Sweta zilizookolewa." Mtoto wa darasa la kwanza "ameng'oka jina" badala ya jino. Siku nyingine ningecheka mpaka nishike ubavu. Nilisoma ukurasa mzima, na mama alinisikiliza ameinamisha kichwa kama anayesomewa barua ya mtu mwingine.

Nilipomaliza, akamwambia Kimya achukue kalamu. Kama ni karatasi ya kusahihisha, alisema, itatoka leo, si Ijumaa, na kamati isome hiyo kwanza ndipo ije kumfukuza. Akatamka polepole, kwa sauti ileile ya kazi niliyoijua tangu utotoni:

"Andika. Mwalimu wetu wa hesabu ni mlezi wa darasa la tatu. Hajawahi kuwa kitu kingine. Aliyekosea ni karani, ambaye haoni vizuri na hakutaka mtu ajue."

Kalamu ya Kimya ilisita hapo mwisho. Alimwomba mama waishie kwenye neno karani. Mwalimu mkuu naye akasema inatosha. Mama akawaambia habari nusu si habari, aandike yote. Kimya akaandika. Kisha akasoma alichoandika, neno kwa neno, mpaka mwisho.

Mimi nikanyoosha mkono kuichukua karatasi. Si ndiyo kazi niliyoletwa kuifanya? Nilitaka kuona kama alichokisoma ndicho alichokiandika, maana kijana huyu, hata kwa wema wake, alikuwa ameshatuzunguka miezi kumi na moja.

Mama akaushika mkono wangu, akaurudisha mapajani mwangu.

"Iache," alisema. "Ameshasoma."

Akamwomba Kimya amwonyeshe mahali pa kutia sahihi. Kimya akamshika kidole, akakiweka kwenye mstari, na mama akatia.